Skuta ya Kwanza ya Mtoto: Mahali pa Kuchezea Patangulie

Barabara nyingi za mitaa katika Manispaa za Temeke na Kinondoni zimejengwa kwa lami katika miaka ya karibuni, zikiwamo zile za mradi wa DMDP. Lami imepunguza vumbi na matope, lakini imewapa pia madereva wa bodaboda na bajaji nafasi ya kukimbia zaidi. Ni kwenye lami hiyo hiyo ambako mtoto aliyenunuliwa skuta atatamani kuiendesha. Skuta inayokusudiwa hapa si pikipiki, bali ni kigari chenye ubao wa kukanyagia na usukani, kinachosukumwa kwa mguu mmoja.

Mahali pa kuchezea

Kabla ya kwenda dukani, mzazi au mlezi ajiulize mtoto atachezea wapi. Ua wenye sakafu ya saruji hufaa. Vivyo hivyo eneo gumu la uwanja wa shule baada ya masomo, kwa ridhaa ya mwalimu mkuu. Ikiwa jibu pekee ni barabarani, ununuzi usubiri. Mtoto mdogo hawezi kukadiria mwendo wa chombo kinachomjia, na kimo chake humficha nyuma ya gari lililoegeshwa. Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, dereva akichelewa sekunde moja tu kukanyaga breki, chombo chake huwa kimekwishasogea takriban mita 14.

Magurudumu

Ardhi ya Mbagala na Chamazi ina mchanga mwingi. Gurudumu dogo na gumu hukwama mchangani ghafla, na mtoto hurushwa mbele. Pasipo na sakafu laini, gurudumu kubwa na pana la mpira ni bora kuliko la plastiki. Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, wachukuzi hutumia chukudu, skuta kubwa ya mbao ya kubebea mizigo; mafundi wake huyavika magurudumu mpira wa matairi makuukuu ili yastahimili barabara mbaya.

Kimo na uzito

Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5, skuta ya magurudumu matatu humsaidia kujifunza mizani. Ya magurudumu mawili humfaa zaidi aliyekwisha kuizoea hiyo ya kwanza. Ni vyema mtoto apelekwe dukani mwenyewe. Akisimama juu ya ubao, usukani umfikie kati ya kiuno na kifua. Ubao uwe karibu na ardhi. Na aweze kuinyanyua skuta bila msaada. Kununua kubwa "ili akue nayo" ni kumpa chombo asichoweza kukidhibiti.

Kwa skuta ya mtumba, mnunuzi akague kiungo cha kukunjia kama kina ufa, atikise usukani kuona kama umelegea, na ajaribu breki ya gurudumu la nyuma. Ncha za usukani zisizofunikwa kwa mpira zaweza kumjeruhi mtoto tumboni anapoanguka.

Matumizi

Mtoto avae viatu vilivyofunga mguu badala ya kandambili, pamoja na kofia ngumu ya kipimo chake. Ile ya abiria wa bodaboda ni nzito na kubwa mno kwake. Nati zikazwe mara kwa mara, na mtu mzima awepo muda wote wa mchezo.

Mtaa usio na mahali salama pa watoto una suala la kujadiliwa na wakazi wote. Mkutano wa mtaa ndio mahali pa kulifikisha. Maombi ya matuta au alama katika barabara za mitaa, ambazo tangu 2017 zipo chini ya TARURA, yaweza kuanzia katika ofisi ya Serikali ya Mtaa.