Anayetaka Kuona Simu Yako Si Sisi

Tuseme una duka pale Kikima sokoni, na malipo ya mteja hayajaingia. Mtu anakupigia: "Pakua AnyDesk, unisomee hizo namba, tutarekebisha." Programu yenyewe ni halali, mafundi huitumia kusaidia mtu aliye mbali. Lakini ukimsomea namba na kumkubalia, anaweza kuona kila kitu kwa skrini: meseji, salio, hata PIN unapoibonyeza.

Sisi hatuhitaji kuona simu yako ndio tufuatilie malipo. Namba ya muamala inatosha.

Kama ushamkubalia, zima data na Wi-Fi saa hiyo hiyo. Futa hiyo programu. Tupigie kwa simu nyingine tufunge akaunti, halafu ndio ubadilishe PIN.