Toleo la Mwisho la Shujaa: Tathmini ya Kifo cha Fumo Liyongo

Mnamo Novemba 1992, wachapishaji wa hadithi za picha za Superman nchini Marekani walitoa toleo la 75 la mfululizo wao, ambamo shujaa huyo aliyeanza kuchapishwa mwaka 1938 aliuawa akiutetea mji wake. Wasomaji walimiminika madukani kulinunua. Hata hivyo, mwaka 1993 haukwisha kabla marehemu hajarejea kazini, naye muuza vitabu akapata biashara mara mbili. Tukio hilo linazua swali la kihakiki: hadithi ya mtu asiyeshindika ikifikishwa tamati, tamati hiyo ipimwe kwa kigezo gani? Swali hili si geni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Watu wa visiwa vya Lamu na pwani ya bara inayovikabili wamelibeba kwa karne nyingi katika habari za Fumo Liyongo, jabari wa Shaka aliyehasimiana na mtawala wa Pate.

Matini inayotegemewa zaidi ni utenzi ulioandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi aliyekuwa pia mwandishi wa hati na mchonga milango. Kabla yake, Edward Steere alikuwa amekwisha kuchapisha masimulizi ya nathari katika mkusanyiko wake wa mwaka 1870. Maana yake ni kwamba Kijumwa aliwasimulia watu ambao walikuwa wakijua shujaa atakufaje. Basi kigezo cha mshangao, ambacho wapenzi wa hadithi za picha hukitanguliza, hapa hakina kazi. Kinachopaswa kuulizwa ni iwapo kifo kimezaliwa na hadithi yenyewe au kimebandikwa mwishoni.

Lawama inayosikika mara kwa mara, hasa madarasani, ni kwamba kimebandikwa. Yawezekanaje mtu aliyekwepa mitego yote amweleze kijana wake kwamba sindano ya shaba kitovuni ndiyo mauti yake? Ni kweli kwamba udhaifu uliofichika ni mali ya mashujaa wengi: Achilles ana kisigino, naye Lwanda Magere wa Wajaluo ana kivuli. Lakini Liyongo hakuibiwa siri yake. Anatambua kwamba kijana ameghuriwa, anamwambia hivyo, kisha anaitoa. Huyu si mjinga aliyenaswa. Ni baba anayekataa kumhesabu mwanawe miongoni mwa maadui hata anapomwona akija na shauri lao.

Msomaji arudi nyuma kidogo, kwenye tukio la gereza. Liyongo amefungwa, na chakula anacholetewa na mjakazi Saada huliwa na walinzi kikiwa kizuri. Mama yake anaoka mkate wa wishwa, ambao mlinzi hautamani, na ndani yake anatia tupa. Ngoma ya gungu inachezwa nje kwa kelele za matari na matoazi, huku mfungwa akikata minyororo. Sasa mkate huo na uwekwe kando ya sindano. Mara mbili kipande kidogo cha madini kinamfikia Liyongo kupitia mikono ya mtu wa damu yake. Cha kwanza kinatoka kwa mama na kumpa uhai, cha pili kinaletwa na mtoto na kuutwaa. Mitego iliyotegwa na wageni, kama ule wa kupanda mkoma ili apigwe mishale akiwa juu, aliishinda kwa kuyaangua makoma kwa mshale bila kupanda. Mtego uliotoka nyumbani haukuwa na mshale wa kuuzuia. Kwa kigezo hiki, tamati ya utenzi ni imara kupita sifa inayopewa.

Sehemu iliyo bora zaidi, hata hivyo, inakuja baada ya kuchomwa. Liyongo anaamka usingizini, anatoka nje ya mji, anapiga goti karibu na kisima akiwa ameutia mshale upindeni, na anafia hapo bila kuanguka. Siku kadhaa hakuna anayethubutu kuteka maji. Mtu wa Pate au Lamu hahitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hili. Katika visiwa vilivyozungukwa na maji ya chumvi, kisima cha maji matamu ndicho uhai wa mji, na mvua hukingwa kwenye majabia. Aliyeuawa ili mji utulie anauzuia mji usinywe. Wazee hawana budi kumwendea mama yake amtulize, naye anamwimbia maiti akidhani ni mwana mwenye hasira. Mama wa ule mkate wa wishwa anarudi tena, safari hii hana la kumwokolea.

Dosari ipo, nayo ni kijana. Kijumwa anatueleza kwamba aliahidiwa binti wa mfalme na cheo, basi. Hatujui anampendaje baba yake au anamchukia kwa lipi, anachoma, anakimbia. Hadithi iliyomtendea haki mama kwa utuvu mwingi hivi ingeweza kumpa mjukuu wake angalau beti chache za kusita. Joseph Mbele, katika makala yake ya mwaka 1986, alihoji ni nani hasa anayestahili kuitwa shujaa wa masimulizi haya. Swali hilo huwa gumu zaidi mtu anapofika kisimani, ambapo nguvu zote za Liyongo zimebaki katika hofu ya watu.

Wasimulizi wenyewe, yaelekea, walihisi pengo hilo, kwani kuhusu malipo ya kijana hawakubaliani. Katika nathari ya Steere anakamatwa na kuuawa, ufalme asiupate. Katika utenzi anafukuzwa na wale wale waliomtuma. Adhabu ya pili ndiyo inayoiva zaidi na hadithi: aliyeuza nyumba ya baba anabaki hana nyumba, na utenzi haumwandalii toleo jingine la kurejea.