Masalia ya Viwandani Chini ya Reli: Manufaa na Masharti Yake

Treni ya SGR inapotoka Pugu kuelekea Morogoro, uzito wake hubebwa na reli, mataruma, kokoto na hatimaye tuta la udongo ulioshindiliwa. Kokoto hizo, ambazo kwa kawaida huwa na unene wa takriban sentimita 30 chini ya taruma, hugawa uzito, huzuia njia isihame na hupitisha maji ya mvua.

Kazi hiyo huhitaji mawe magumu. Mawe ya chokaa yanayochimbwa Kunduchi na Boko, wilayani Kinondoni, ni laini zaidi; ndiyo maana kokoto ngumu za ujenzi jijini Dar es Salaam huletwa kutoka maeneo ya mbali kama Lugoba, mkoani Pwani. Uchimbaji huacha mashimo, na usafirishaji huongeza gharama.

Wakati huohuo, viwanda vya nondo jijini huyeyusha vyuma chakavu na kubakiwa na slagi, masalia ambayo wahunzi huyaita mavi ya chuma. Yakipoa huwa mawe mazito yenye kingo kali zinazoshikana vizuri. Marekani imetumia masalia ya aina hiyo kama kokoto za reli kwa zaidi ya miaka 100. Yakisagwa na kuchekechwa, yanaweza pia kutumika katika tabaka lililo kati ya kokoto na tuta.

Hata hivyo, si kila slagi inafaa. Kwanza, chokaa iliyobaki ndani yake hufura inapokutana na maji, na inaweza kuinua njia ya reli. Kwa sababu hiyo, slagi yenye chokaa nyingi huachwa wazi na kumwagiwa maji kwa miezi kadhaa kabla ya kutumika. Pili, chembe za chuma huondolewa kwa sumaku, kwani hupitisha umeme na zinaweza kuvuruga mifumo ya ishara za treni. Tatu, hupimwa iwapo maji yanayopita ndani yake hubeba metali zenye sumu. Kipimo hiki ni muhimu kwa maeneo kama Temeke, ambako wakazi wengi hutegemea visima.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, miradi mikubwa kama reli hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC, huku viwango vya ubora wa vifaa vikiwekwa na TBS.

Tahadhari hiyo inamhusu pia mwananchi anayejaza kifusi kiwanjani mwake. Slagi ambayo haijapimwa inaweza kupasua sakafu na kuta miezi mingi baada ya nyumba kukamilika, au kuchafua kisima cha jirani. Kabla ya kupokea kifusi kinachotoka kiwandani, mwananchi anashauriwa kuuliza kimetoka wapi na kama kimepimwa, na akiwa na shaka awasiliane na ofisa mazingira wa manispaa yake.