Ngeli za Kompyuta

Mtu yeyote ajuaye Kiswahili huikataa sentensi hii mara aisikiapo: "Kitabu ameanguka." Hana haja ya kwenda kukitazama kitabu chenyewe ili ajue kama kimeanguka au la. Jina na kitenzi havikupatana kwa ngeli, basi kosa limekwisha kuonekana.

Lugha za kuandikia programu za kompyuta, kama vile Pascal na ML, zina utaratibu ulio karibu sana na huu, nao huitwa mfumo wa aina. Kila thamani huwa na aina yake: namba kamili, namba ya desimali, neno, orodha na kadhalika. Kompaila, yaani programu itafsiriyo maandishi ya mwandishi kuwa amri za mashine, hukagua upatanisho wa aina hizo kabla kazi yenyewe haijaanza. Ukijaribu kuzidisha jina la mtu kwa saba, hukataa.

Mwaka 1978 Robin Milner wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alionyesha kihisabati kwamba programu iliyopita ukaguzi wa namna hii haiwezi kutumia thamani mahali isipofaa aina yake. Alionyesha pia jinsi kompaila iwezavyo kuzibaini aina bila kutajiwa, kama vile asikiaye "vimeanguka" ajuavyo ngeli ya vitu hivyo kabla havijatajwa.

Lakini upatanisho si ukweli. "Kitabu kimekula ugali" haina kosa lolote la ngeli.

Tarehe 11 Desemba 1998 Marekani ilirusha chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kwenda sayari ya Mirihi. Programu moja iliyotumika hapa duniani ilikokotoa msukumo wa injini ndogo za chombo hicho kwa paundi-sekunde. Programu nyingine, iliyokadiria njia yake, ikazisoma namba zile zile kama nyutoni-sekunde. Paundi moja ya kani ni sawa na nyutoni 4.45, kwa hiyo athari ya kila msukumo ilihesabiwa kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kiliifikia Mirihi kikipita kilomita 57 hivi juu ya uso wake badala ya 226 zilizotazamiwa, kikapotea. Kwa kompyuta hapakuwa na kosa: namba ilitolewa, namba ikapokewa.

Je, vipimo navyo vingeweza kufanywa aina? Naam. Andrew Kennedy alilichunguza jambo hili huko Cambridge katika miaka ya 1990, na baadaye likaingizwa katika lugha ya F#. Humo mita na sekunde ni aina mbili mbalimbali. Ukigawanya mita kwa sekunde, kompaila hutambua yenyewe kuwa jibu ni mita kwa sekunde. Ukijumlisha mita na sekunde, hukataa. Ukaguzi ukiisha, alama za vipimo huondolewa, hata programu haipungui kasi.

Hata hivyo tusiupe mfumo huu sifa kupita kiasi. Namba za Mars Climate Orbiter zilipitia katika faili, na kompaila haioni yaliyomo ndani ya faili. Huko ni lazima mwandishi mwenyewe aamuru vipimo viandikwe na kukaguliwa.

Mwalimu wa fizikia aweza kulifundisha somo hili bila kompyuta. Mwanafunzi mmoja asimame ubaoni awe kompaila, na wenzake wamletee kanuni, v ikiwa kasi ya mwisho, u kasi ya mwanzo, a mchapuko, t muda na s umbali. Wakimletea v = u + at², ataikataa, kwani mita kwa sekunde haziwezi kujumlishwa na mita. Kisha wamletee s = ut + at². Nusu imesahauliwa, jibu si la kweli, lakini vipimo vyote vinapatana. Naye, akiwa kompaila mwaminifu, itambidi aipitishe.