Kuenda Majuu Kusomea Juu

Kama umekulia side za Lang'ata Road, hii unaijua. Uko ndani ya mat ya Rongai, jam imeshika hapo Wilson Airport, makanga anapigia wasee kelele wasongee nyuma, alafu chopa inapita juu yenu ikienda zake. Mat yote inanyamaza. Hata makanga. Mimi nilikuwa ule mtoi wa kutoa kichwa kwa dirisha, na manze sikuwahi kuirudisha. Saa hii niko na PPL ya chopa, ile leseni ya kujirusha bila kulipwa, na nimekaa miezi tano nikisaka skuli ya majuu nikafanye CPL, ile inakubali mtu akupee doo ndio umpeleke.

Wiki za kwanza nilikuwa nachagua kifala tu. Nilikuwa nashinda Insta. Bichi za Florida, jua linazama, chopa ya R44 nyekundu, msee amesimama kando na miwani kama bazuu. Nikajiona hapo. Kumbe hapo nilikuwa nachagua holide, si skuli.

Chenye kilinichanua ni namba moja: 5,536. Hizo ni futi za Wilson kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na chopa inaihitaji mara mbili: injini inaipumua, rota inaisukuma chini ndio ipande. Ongeza jua ya saa saba mchana na hako kainjini ka R22, kale kachopa ka kusomea, kanaanza kulalamika kama nganya imejaza kwa mlima. Florida uwanja uko karibu leveli moja na bahari, chopa inaamka fresh tu. Sasa imagini umesomea huko masaa 150, unarudi home na kifua mbele, alafu unawekwa Nanyuki na watalii watatu na mabegi yao, Mlima Kenya uko hapo unakucheki na mita zake 5,199, na chopa imegoma kutoka kwa nyasi. Hapo hakuna mtu atakuuliza ulipiga picha ngapi bichi.

Florida nikaifuta, na roho iliuma. Nikabaki na place zenye ziko juu kama huku. Prescott kule Arizona imepita futi 5,000. Side ya Denver, Colorado, ni the same. Alafu kuna Joburg: Rand Airport, pale Germiston, iko futi 5,483. Tofauti na Wilson ni futi 53 pekee, hiyo ni flati moja ya Pipeline hapa Nairobi, na tena si ile ndefu.

Ulaya sikukaa sana. Kule CPL ya chopa ukienda mdogo mdogo ni masaa 185, mitihani ya kuandika ni 13, na tangu 2021 leseni ya Uingereza na ile ya EASA, wale wa Ulaya, ni vitu mbili tofauti, ukilipia moja hujapata ingine. Marekani FAA wanadai masaa 150 na mtihani mmoja wa kuandika kwa leseni. Yaani hesabu ni yako.

Marekani iko na ngori yake, na ni ya viza. Wasee wengi hawaulizangi. Skuli nyingi za kurusha zinakupa M-1. Hiyo ukimaliza kusoma, kazi ya mafunzo unayoruhusiwa haipiti miezi sita. F-1 inakupa mwaka mzima. Sasa sikia mbona hii inauma: ukitoka na masaa 150 ama 200 wewe bado ni mtoi. Kampuni za kurusha watalii kule Grand Canyon zinatakanga ufikishe kama 1,000. Hayo masaa mengine unayapata wapi? Unafunza wengine. Unakuwa ticha pale pale, stude analipa, wewe unaandika masaa kwa logibuku. Na miezi sita ya kuvizia hali ya hewa na mastude wanaochelewa haikufikishi mbali. Si kila skuli inaweza kutoa F-1, so hiyo iwe swali yako ya kwanza, kabla ata hujauliza bei. Na ujue huwezi tua tu na uingie kwa chopa: tangu ile mambo ya Septemba 2001, mgeni lazima serikali imcheki kwanza, alama za vidole na kila kitu, ndio aguse kontroli.

Bei sasa. Tuseme saa moja ni dola 400. Mara 150, hiyo ni dola 60,000. Kwa reti ya 129 ni mita saba na laki saba na kitu, na hujala, hujalipa keja. Hiyo ni shamba ya fathe. Ndio maana kuna skuli moja, jina nitaiacha, ilinitingisha vibaya. Walinipigia video, wakanionyesha hanga, wakaniambia nikituma doo yote kabla ya Ijumaa wananikatia asilimia kumi. Alhamisi usiku nilikuwa na fomu ya benki mkononi. Chenye kiliniokoa ni stori ya Silver State Helicopters, ya kule Nevada. Ilikuwa skuli kubwa ajab, matawi kila mahali. Februari 2008 wakafunga milango ghafla. Wasee walikuwa wamelipa kozi yote mbele, karibu dola 70,000, wengi kwa loni, wakabaki na deni na zero leseni. Ijumaa ikapita. Jumatatu wale wasee wa video wakanipigia tena, na diskaunti ilikuwa bado iko. Unaona? Lipa kidogo kidogo, vile unarusha. Skuli ikikataa, jua hiyo doo yako iko na kazi ingine.

Baada ya hapo nikaacha kuuliza maswali ya kitalii. Nikawa nauliza mita yao ya Hobbs, ile ya masaa ya kulipia, inaanza kuhesabu injini ikiwaka ama kolektivi, ile leva ya kupandisha chopa, ikipandishwa, juu zile dakika za kupasha injini moto ukiwa chini, ukizijumlisha kozi nzima, ni doo ya maana. Nikauliza chopa ngapi zinaruka leo, si ngapi ziko kwa picha. Nikaomba namba ya stude mwenye amefika katikati ya kozi, maanake aliyemaliza ashasahau na anayeanza bado yuko kwa honimuni.

Lakini swali yenye ilitenganisha wasee ni ya otorotesheni. Yaani kushuka na rota pekee injini ikizima. R22 ni kachopa kadogo, rota yake ni nyepesi, haihifadhi spidi. Injini ikienda uko na kama sekunde moja ya kushukisha kolektivi, la sivyo rota inapoteza mzunguko na hairudi. Ticha wangu wa Wilson alikuwa ananihesabia: moja, mbili, tatu, alafu anafunga throto. Mimi nilikuwa nimeshashukisha kwa mbili na nusu, nikitoa meno. Siku moja akaniambia, "Injini haijui kuhesabu, boss." So nilikuwa nauliza kila skuli: mazoezi yenu mnashuka mpaka chini kabisa, ama mnarudisha nguvu na kuishia kwa kuhova? Kuna wenye hawapendi kushuka mpaka chini, wanaogopea skidi na bima. Mi naskia vizuri hiyo hofu, lakini mi ndio nalipa.

Ingine ni ile rota yenyewe. Ya Robinson, wenye hutengeneza R22 na R44, ina mabawa mawili na imeninginia kwa mlingoti kama bembea. Ukisukuma stiki mbele kwa fujo, tumbo inapanda kwa koo, uzito unatoka kwa rota, na mwili wa chopa unaanza kulalia kulia. Mkono wa binadamu unataka kuvuta kushoto. Usithubutu. Rota itagonga mlingoti na hiyo movi hainanga patu tu. Unarudisha stiki nyuma polepole kwanza, uzito urudi, ndio unyooshe. Hii kitu ilimaliza watu mpaka 1995 FAA wakatoa sheria spesheli ya R22 na R44, hushiki kontroli kama hujapewa hiyo darasa. Skuli moja nilipoiuliza wanaifunza aje, wakanitumia broshua.

Mathe hajui hizi stori na hatazijua. Yeye ukimtajia chopa anakumbuka waziri Saitoti, vile alianguka na chopa Juni 2012, anageuza mada aulize kama nimekula.

Jibu yenye nilipenda ilitoka Joburg. Mzee mmoja, imeli yake haikuwa na picha wala salamu ndefu. Alisema wanashuka mpaka chini, wanalipisha kwa kila saa, na nifanye medikali ya klasi wani huku Nairobi kabla nitume ata senti, juu macho yakikataa hakuna skuli itanisaidia. Akaniambia leseni yao nikirudi nayo, KCAA, wale wa kusimamia ndege Kenya, lazima waibadilishe ndio nirushe chopa ya 5Y, yaani ya namba ya Kenya, so niwaulize mapema. Alafu laini ya mwisho: "Uko na kilo ngapi? Na nguo?"

Kiti cha R22 hakiruhusiwi kupita kilo 109, ukihesabu na mzigo wa chini ya kiti. Wewe na ticha mkiwa mabonge, ni mafuta inapunguzwa, na kwa hewa ya Joburg hiyo si mchezo.

Nikashuka tao. Tom Mboya Street, kuna boy hukaa pale na mizani, kumi bob. Nikapanda na jaketi, na viatu, na bagi ya logibuku mgongoni. Sindano ikatetema, ikasimama 91.

"Unapunguza ama unaongeza?" akaniuliza.

Nikamwambia ingoje kwanza nijue ticha ako na ngapi.