Uvimbe mbele ya sikio: wakati kansa ya figo inatokea kwa shavu

Tuchukue mfano wa mutu mwenye alitolewa figo moja miaka kumi iliyopita, sababu ya kansa. Alipona, akarudia shamba lake, mambo ya operesheni akayasahau. Leo ameona uvimbe mdogo mbele ya sikio. Haumuumi. Jirani mmoja anasema ni jino, mwingine anamuletea majani ya kupaka. Nani atafikiria figo?

Na kweli, mara nyingi si figo. Pale mbele ya sikio kuna parotidi, tezi kubwa kupita zote zenye kutoa mate, na inaweza kuvimba kwa sababu nyingi: matubwitubwi, jiwe lenye kuziba njia ya mate, virusi vya UKIMWI, ao uvimbe wa tezi yenyewe usio kansa. Lakini mara chache sana, kansa ya figo inatembea mpaka pale.

Inatembea namna gani? Kwa damu. Uvimbe wa figo unajitengenezea mishipa mingi ya damu, na chembe zake zikiingia katika mshipa zinapita kwa moyo, kisha zinasambaa. Kwa kawaida zinakamata mapafu, mifupa, maini ao ubongo. Tezi za mate ni njia isiyopitiwa sana. Chembe hizo zinaweza kulala kimya miaka mingi, hata kupita kumi. Kuna pia wagonjwa ambao uvimbe wa shavu ndio ulikuwa alama ya kwanza, figo yenyewe ikiwa haijawahi kuuma.

Kwa labo ndiko kuna mutego. Chembe za kansa ya figo, aina ile inayopatikana zaidi, zimejaa mafuta na sukari. Zikitayarishwa kwa mikroskopi, vitu hivyo vinatoka na chembe zinaonekana nyeupe kama tupu. Kumbe kuna kansa za tezi ya mate zenyewe zenye sura hiyohiyo. Munganga asipoambiwa habari ya figo, anaweza kutibu kansa ingine kabisa. Kansa iliyotoka kwa figo inabaki kansa ya figo, hata ikikaa kwa shavu, na dawa zake ni za figo.

Kwa hiyo ile karatasi ya operesheni ina maana. Tunajua, kwetu huku watu wamekimbia vita mara ngapi, makaratasi yamebaki nyuma ao yameungua. Kama haiko, kovu la ubavuni liko: muoneshe munganga, umwambie mwaka na sababu. Ataomba ekografi ya tumbo kuangalia figo iliyobaki, na picha ya kifua kwa ajili ya mapafu.

Jambo moja tena, kuhusu wembe. Uvimbe wa namna hii umejaa damu, na ndani ya parotidi kunapita mshipa wa fahamu wenye kutembeza uso. Mwenye kuuchanja nyumbani anaweza kuona damu inakataa kukatika, ao mdomo ukabaki umepinda.