Lumbesa ya Shume yahitaji jukwaa

MKULIMA wa viazi katika kata ya Shume, wilayani Lushoto, haelezwi lumbesa ni nini. Gunia likishajaa huongezewa kilemba cha viazi kinachoshikiliwa kwa kamba, lakini bei hubaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na Wakala wa Vipimo umelipigia kelele suala hilo miaka nenda miaka rudi. Shambani, hata hivyo, mwenye lori ndiye mwenye sauti.

Milima ya Usambara imeshaonja elimu ya amri. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, jirani na Shume. Wakulima walishurutishwa kutengeneza matuta, wakauchukia mpango huo, nao ukaachwa kabla ya uhuru. Mwaka 1981 ikabidi kazi ya udongo ianze upya wilayani humo kupitia mradi wa SECAP, kwa msaada wa Wajerumani.

Njia tofauti ilijaribiwa Malya, wilayani Kwimba mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, hawakwenda na mchezo uliokwisha andikwa. Walianza kwa kuchunguza pamoja na wanakijiji matatizo yao, na miongoni mwa yaliyojitokeza ni mimba za wasichana wa shule. Maonyesho yakatungwa kwa ngoma, nyimbo na maigizo ya hapohapo, kisha watazamaji wakajadili.

Mjadala huo ndio wenye thamani. Katika mkutano wa kawaida mkulima anayemdai dalali hunyamaza. Katika igizo dalali hachezwi kwa jina lake, ila kila mtu anamjua.

Shume haihitaji jengo kwa kazi hiyo. Wasambaa wanayo ngoma ya mdumange, na siku ya gulio watu hukusanyika wenyewe, madalali wakiwamo.

Igizo peke yake halipimi gunia. Bila mizani kijijini na wakulima kukubaliana kuuza kwa kilo, watu watacheka na kurudi kushona lumbesa. Tena mazoezi yana gharama: siku ya mazoezi ni siku isiyo na jembe, na kabichi iliyokomaa haimsubiri mwigizaji.